Mtu Aliyelala Juu ya Maji

Wanawake wengine huwaonea wivu majirani, au mashemeji, au yule dada wa kwaya anayeng'ang'ania maikrofoni kila Jumapili. Katunge wa Kwa Vonza, kule Kitui, alikuwa anaionea wivu bahari, na bahari yenyewe hakuwa ameiona hata siku moja. Alijua tu kwamba mumewe Mbithi alikaa nayo wiki tatu mwezi wa nane, na kwamba aliporudi alikuwa analala mpaka kukicha bila kupiga mayowe. Yeye Katunge alikuwa amejaribu maombi, uji wa wimbi na kumkanda mgongo kwa miezi sita, na hakuna kilichofua dafu.

Mtu angedhani atashukuru. Alishukuru, ndiyo, tena kanisani, mbele ya watu, na watu wakampigia makofi. Lakini akirudi nyumbani akamkuta Mbithi amekaa kwenye kigoda nje ya jiko, macho ameyafumba, mabega yamelegea, uso umetulia kama wa mtu anayebembelezwa, moyo ulimchoma.

"Unafanya nini hapo?"

"Nasikiliza pumzi."

"Pumzi ni ya kusikilizwa? Mbuzi hazijafunguliwa."

"Dakika kumi tu, Mama Nduku. Gakenia anasema asubuhi ndiyo inafaa."

Gakenia anasema. Katika nyumba ile maneno hayo mawili yalikuwa yamesikika mara nyingi kuliko amina.

Mbithi alikuwa dereva wa lori. Mwezi wa pili, pale Salama, mji mdogo kando ya barabara ya Mombasa, lori lake lilimgonga mwanamke aliyekuwa akikimbia na beseni la machungwa kuwauzia abiria. Mwanamke akafa. Polisi walipima barabara, wakauliza watu, wakasema dereva hakuwa na kosa. Lakini tangu siku hiyo Mbithi akishika usukani kifua kilimbana, jasho likamtoka, pumzi ikakatika. Mwenye lori, mtu muungwana, akampeleka Mombasa kwa kaunsela mmoja aitwaye Gakenia, mwanamke wa kutoka Nyeri aliyehamia pwani. Huyo Gakenia hakuwa na ofisi. Aliwachukua watu walioumia roho, madereva, wajane, askari mmoja mstaafu, akaingia nao baharini mpaka kule ambako mguu haugusi chini. Huko aliwafundisha kuogelea polepole, kulala chali juu ya maji, na kuwa pale walipo bila kwenda na mawazo.

Ilibaki safari moja ya wiki mbili mwezi wa kumi. Gakenia akishamaliza naye, angempigia mwenye lori, na Mbithi angerudi kazini. Safari hiyo ndiyo iliyokuwa inamnyima Katunge usingizi.

* * *

"Niambie vizuri," alisema Katunge siku moja wakila muthokoi. Mtoto wao Nduku alikuwa shuleni. "Mkishafika huko ndani, mnafanya nini hasa?"

Mbithi aliweka kijiko chini. Alipenda kuulizwa, maskini, na hakuona mtego.

"Unaogelea kidogo, unasikia mkono unavyokata maji. Ukichoka unalala chali. Masikio yanaingia ndani, kelele zote zinaisha. Unasikia baridi ya shingo, unasikia chumvi kwa midomo. Wazo likija, hulifukuzi, hulifuati. Linapita. Halafu lingine linapita."

"Na yeye?"

"Yeye yuko kando. Anakushika kichwa mpaka uzoee."

"Anavaa nini?"

"Nguo ya kuogelea."

"Ya namna gani?"

"Ya kuogelea, Mama Nduku. Ile watu wanavaa wakiogelea."

Katunge aliondoa sahani kabla mwenzake hajamaliza kula. Nje kulikuwa na mitungi minne ya lita ishirini ikimngoja, na punda, na foleni ya silanga, bwawa la kijiji. Hilo nalo lilimkera kuliko alivyoweza kusema. Mwanamke mzima anaamka saa kumi na moja kupigania maji ya kupikia, na mumewe anasafirishwa kwenda kulala juu ya maji, maji yasiyo na foleni, maji ambayo hata hayanyweki.

Silanga hilo lilikuwa lake kuliko la mtu mwingine yeyote, ukimwuliza. Lilichimbwa na mwethya wao, kikundi cha kusaidiana kazi, kwa majembe na karai, misimu mitatu ya kiangazi, wanawake wakibeba udongo migongoni huku wakiimba ili wasilie. Katunge ndiye mwandishi wa kamati. Ubao wa bati uliosimama ukingoni aliuandika kwa mkono wake: MAJI YA KUNYWA. MGUU MARUFUKU. FAINI MBUZI MMOJA. Maji yalichotwa ukiwa umesimama juu ya ubao mwingine, wa mbao, uliolazwa ukingoni, na punda walinyweshewa mbali, kwenye hori. Kwa miaka minane ni watoto wawili tu na mlevi mmoja waliovunja sheria hiyo, na wote walilipa.

* * *

Mbithi alipotoka kupeleka mbuzi, simu aliiacha ikichaji kwenye sola. Katunge hakuwa mwizi wa simu za watu. Alijiambia anaangalia saa tu. Akakuta sauti zimetumwa, kumi na moja, zote kutoka kwa Madam Gakenia. Akafunga mlango wa jiko, akabonyeza ya kwanza.

Kulikuwa na mshindo wa mawimbi, halafu sauti ya mwanamke, laini, isiyo na haraka yoyote duniani.

"Mbithi. Lala chali. Masikio yaache yaingie majini. Sikia baridi inapoanzia, na inapoishia. Sikia chumvi kwenye midomo. Wazo likija, usilifukuze, usilifuate. Vuta pumzi. Sasa toa. Maji yamekubeba. Niko hapa. Nimekushika kichwa. Sikuachi."

Katunge alizima. Miaka kumi na tatu ya ndoa, na yeye hakuwahi kumwambia Mbithi neno kama lile la mwisho. Alimwambia lete kuni, fukuza kuku, umechelewa. Mapenzi ya kwao yalikuwa ya kuwekeana chakula na kuzikiana wazazi. Akaibonyeza tena. Kesho yake akaisikiliza mara tatu, na keshokutwa, mpaka akawa anapajua mahali ambapo mwanamke yule anameza mate.

Jirani yake Syombua alimkuta siku ya nne na simu sikioni, mboga zikiungua.

"Huyo ni nani anaongea hivyo?"

"Kaunsela."

Syombua akasikiliza mpaka mwisho, mkono mdomoni. "Ngai! Mimi pia nimeenda kaunseling kwa pasta, na bwanangu. Hakuna mtu alishikwa kichwa."

Hilo ndilo Katunge alilokuwa akilingoja mtu aseme. Likishasemwa na mtu mwingine, linakuwa kweli.

Alasiri ileile simu ikalia, Mbithi akiwa malishoni. Katunge akapokea.

"Habari, Mbithi? Nataka kukupa tarehe za..."

"Huyu si Mbithi, ni bibi yake. Wa kanisa, wa harusi, wa cheti. Na Mbithi hakuji huko tena. Amepona. Wewe tafuta kichwa ingine ya kushika."

"Mama, naomba tuongee..."

Katunge alikata, akaizima simu, akaizika ndani ya debe la ndengu mpaka kiwiko. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane alipika akiimba. Mbithi alipouliza simu, akaambiwa iliingia maji, imepelekwa kwa fundi Kitui.

"Fundi gani?"

"Fundi tu. Atapiga."

"Atapiga simu gani, na simu ni yeye anayo?"

Katunge akaenda kutafuta kuku ambaye hakuwa amepotea.

* * *

Mbithi alingoja. Tarehe kumi ikapita, kumi na tano ikapita. Mwenye lori hakuja wala hakutuma mtu. Mayowe yakarudi, kwanza mara moja kwa wiki, halafu kila siku. Asubuhi alikaa kwenye kigoda kujaribu kusikiliza pumzi, na Katunge, akimtazama kutoka jikoni, aliona kifua kinapanda na kushuka upesi kama cha kuku aliyekimbizwa. Alijua yeye ndiye aliyefanya hivyo. Alijua, na bado kila alipolikaribia debe la ndengu alisikia ile "sikuachi," akageuka akashika kitu kingine.

Jioni moja Mbithi alimfuata kwenye jiwe la kusagia.

"Katunge." Hakuwa akimwita hivyo mara nyingi. "Kuna kitu ya ile siku ya Salama. Sijawahi sema. Nilikuwa nataka nikuambie wewe..."

"Mwambie Gakenia."

"Gakenia hayuko hapa."

"Ndiyo maana unakuja kwangu? Kwa sababu hayuko?" Alisaga kwa nguvu mpaka mtama ukarukia chini. "Mimi si bahari, Baba Nduku. Mimi ni wa kuchota maji tu. Enda ukamwambie mwenye anakubeba kichwa."

Mbithi akainama, akaokota punje za mtama moja moja, akazirudisha juu ya jiwe. Katunge aliona ameshinda, na ushindi ule ulikuwa na ladha mbaya mdomoni.

* * *

Jumamosi, kabla jua halijachomoza vizuri, Syombua alikuja mbio bila kitambaa kichwani.

"Mama Nduku! Baba Nduku yuko silanga! Yuko juu ya maji!"

Kwa Vonza si pwani. Watu wa huko hawaogelei, na ambao wanajua kuogelea wanaweza kuhesabiwa kwa vidole vya mkono mmoja. Mtu akionekana amelala juu ya maji, chali, macho yamefumbwa, mikono ameitandaza, maana yake ni moja. Wanawake waliofika kuchota walimwona hivyo katikati ya silanga, wakatupa mitungi, wakapiga mayowe ya msiba. Mzee Mwau, mwenyekiti wa kamati, akaja na kamba ya punda. Kijana mmoja mwenye roho akafungwa kiunoni, akaingia, akaukamata mguu wa maiti na kuuvuta kwa nguvu zake zote.

Maiti ikazinduka. Mbithi, aliyekuwa ametulia kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, alivutwa chini ghafla, akameza maji na matope, akapigana. Walimkokota mpaka ukingoni. Katunge alipofika, miguu pekupeku, khanga imeshikwa mkononi, alimkuta amelala ubavu kwenye tope, watu arobaini wamemzunguka, pumzi haiingii wala haitoki. Midomo ilikuwa inabadilika rangi.

"Amejaribu kujiua!" mtu alisema. "Ni ile damu ya Salama."

"Piga polisi."

"Pasta kwanza. Leteni pasta."

"Mwinueni! Mpigeni mgongo!"

Kila mtu alikuwa na lake, na kila sauti ilivyopanda ndivyo kifua cha Mbithi kilivyozidi kubana. Macho yake yalikuwa wazi na hayakuwa yanaona mtu. Katunge alielewa mara moja, bila kuambiwa. Mtu huyu hakwenda kufa. Alikwenda kutafuta kitu ambacho yeye alikizika kwenye ndengu.

"Rudini nyuma!" alipiga kelele. "Rudini nyuma wote, na mnyamaze!"

Alipiga magoti kwenye tope, akakiinua kichwa cha mumewe, akakiweka mapajani. Halafu hakujua la kufanya. Akaomba, "Mungu wangu," na Mungu akakaa kimya. Maneno pekee yaliyokuja mdomoni yalikuwa ya yule mwanamke, na yalikuja yote, kwa mpangilio, na mahali pa kumeza mate. Angependa maneno mengine yoyote. Hakuwa nayo.

"Mbithi," alisema, taratibu, kwa sauti ambayo majirani zake hawakuwahi kuisikia. "Lala chali. Masikio yaache. Sikia baridi inapoanzia, na inapoishia."

Syombua aligeuka akamtazama mwanamke aliyesimama kando yake, mdomo wazi.

"Sikia chumvi kwenye midomo." Hapo Katunge alikwama, kwa sababu hakukuwa na chumvi, kulikuwa na tope la silanga. "Sikia tope," alisema. "Sikia tope kwenye midomo. Wazo likija, usilifukuze, usilifuate. Vuta pumzi. Sasa toa."

Kitu kililegea shingoni mwa Mbithi. Pumzi ndogo ikaingia, ikakwaruza, ikatoka.

"Tena. Vuta. Sasa toa. Maji yamekubeba. Niko hapa. Nimekushika kichwa." Alibaki na neno moja, lile alilolichukia kuliko yote. Machozi yalikuwa yanamdondokea Mbithi usoni na hakuyapangusa. "Sikuachi."

Mbithi alifumba macho. Kifua kikapanda polepole, kikashuka polepole. Midomo ikasogea.

"Asante, madam," alisema.

Watu arobaini walisikia. Syombua alisikia, na ukitaka jambo lifike sokoni kabla ya saa tatu, mwache Syombua alisikie. Katunge alihisi uso unamwaka. Angeweza kukiachia kile kichwa kianguke kwenye tope, na wapo wanawake wema pale ambao wasingemlaumu. Alikishika vizuri zaidi.

"Si madam," alisema. "Ni mimi. Vuta tena."

* * *

Mzee Mwau alingoja mpaka Mbithi akaweza kukaa na kunywa maji. Alikohoa, akautazama ubao wa bati, akamtazama Katunge, akautazama tena.

"Mwaitu," alisema, akimwita mama kwa heshima, "sisi tunamshukuru Mungu. Lakini hii ni maji ya kunywa ya boma sitini. Na si mguu peke yake aliingiza. Aliingiza mtu mzima."

Wachache walicheka. Katunge hakucheka. "Leta kitabu," alisema. Akaandika jina la mumewe chini ya jina la yule mlevi, kwa mwandiko wake mzuri wa darasa la nane, na upande wa faini akaandika mbuzi, jike, mweupe. Huyo ndiye aliyekuwa bora katika zizi lake, na alikuwa na mimba.

"Lakini muandike pia," alisema, "hakuwa anajiua. Alikuwa anapumua."

"Hiyo haina mahali pake kwa kitabu," Mzee Mwau alisema.

"Basi mimi nimesema. Na mwenye atasema ingine, aje aseme kwangu."

Walirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, Mbithi nyuma amejifunga khanga yake. Jua lilikuwa limeshakuwa kali. Alimkalisha kivulini ukutani, akaingia ndani, akazamisha mkono kwenye debe mpaka kiwiko, akatoka na simu. Ndengu tatu nne zilikuwa zimeng'ang'ania kwenye kioo. Akampa.

Mbithi aliigeuza mkononi. Alizing'oa ndengu zile moja moja.

"Alipiga," Katunge alisema. "Nilimtukana. Kesho nitampigia nimwombe msamaha, na utaenda. Lakini usiniulize kama roho yangu imetulia. Haijatulia."

"Sawa."

"Ile kitu ya Salama. Sema sasa."

Alianza akaacha, akaanza tena, na kila pumzi ilipokatika Katunge alimngoja.

"Yule mama hakukufa papo hapo," Mbithi alisema. "Nilishuka. Nilimshika kichwa, hivi. Alikuwa anaongea. Alisema, baba, usiniache. Halafu nikaona watu wanakuja na mawe, kwa sababu wakipata dereva wanamuua. Nikamweka kichwa chini. Nikakimbia kwa kichaka mpaka kituo cha polisi. Nilimwacha, Katunge. Kila mtu anajua nilimgonga. Hakuna mtu anajua nilimwacha."

Mbuzi walilia zizini. Katunge alikuwa na swali moja, na alijua si wakati wake. Alijua kwamba mwanamke mwenzake alikufa kichwa chake kikiwa juu ya lami, machungwa yametapakaa, na kwamba mtu mwenye adabu angeuliza habari za marehemu kwanza. Aliuliza lake.

"Na Gakenia ulimwambia hivi?"

"Hapana."

"Hata ndani ya maji?"

"Hata ndani ya maji. Yeye alinifundisha kupumua. Hii ilikuwa ya kukuambia wewe."

Furaha ilimpanda Katunge mwilini, kali, tamu, ya kishetani, mpaka akashika ukuta. Alikuwa ameshinda bahari. Aliifurahia kwa muda wa pumzi moja, labda mbili. Halafu aibu ikamjia, akamwona yule mwanamke wa machungwa akiita, na hakuna wa kumjibu.

Alikaa chini kando ya mumewe.

"Alikuwa anaitwa nani?"

"Sijui," Mbithi alisema. "Kwa karatasi ya polisi iliandikwa tu marehemu."

"Basi hutaenda Mombasa moja kwa moja," alisema Katunge. "Tutashuka Salama kwanza, mimi na wewe, tuulize."